Mvua ya Alhamisi ya Kiroboni

Hatibu Uweso wa Kiroboni alikuwa mtu wa penseli. Wenzake kijijini walijulikana kwa jembe, kwa dema la kutegea samaki, au kwa sauti nzuri ya kusoma maulidi. Yeye alijulikana kwa penseli aliyoichomeka juu ya sikio la kulia, akaenda nayo shambani, msikitini na, kwa maneno ya mkewe Semeni, hata kitandani. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita mjini Tanga, akawahi kuwa karani wa mizani katika shamba moja la mkonge, na shamba lilipopata karani mwenye mwandiko mzuri zaidi akarudi kijijini kungoja serikali imkumbuke. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Nasema alipenda mno kuaminiwa na wakubwa, na ugonjwa huo haujapatiwa dawa hata leo.

Serikali ilimkumbuka mwanzoni mwa mwaka 1955, tena mara mbili katika wiki moja.

Chanzo kilikuwa kisima. Kisima cha Kiroboni kilikuwa kimeingiwa na chumvi, na kwa miaka miwili maji yake yalifaa kuoshea miguu na kugombana na wageni, basi. Maji ya kunywa wanawake waliyafuata Mtoni Juu, kijiji cha upande wa bara chenye kijito, mwendo wa saa nzima na nusu kwenda, na kurudi zaidi kwa sababu ya mzigo. Boma la Tanga lilikuwa na mashine moja ya kuchimbia visima, na mwaka ule ilibaki kazi moja tu: ichimbe Kiroboni au ichimbe Mtoni Juu. Mtu yeyote mwenye macho mawili angemaliza shauri hilo kabla chai haijapoa. Lakini serikali haikupenda kutumia macho ikiwa inaweza kutumia wataalamu, nayo ikaagiza wawili kutoka Ulaya.

Wa kwanza alikuwa mtaalamu wa mvua, ardhi na upepo. Watu walimwita Bwana Mvua. Alikuwa mrefu, mkavu, na aliwaangalia watu kama anavyoangaliwa mbuzi aliyesimama mbele ya kitu cha maana. Wa pili alikuwa mtaalamu wa watu na mila zao, naye akaitwa Bwana Desturi. Huyu alikuwa mnene, mchangamfu, na aliandika kila alichoambiwa, hata matusi. Walikaa nyumba moja ya serikali huko mjini, wakala meza moja, wakagawana gari moja: Jumatatu la Bwana Mvua, Alhamisi la Bwana Desturi. Juu ya gari waligombana sana. Juu ya kazi hawakugombana hata siku moja, kwa sababu hawakupata kuizungumza. Bwana Mvua alisema kazi ya mwenzake ni porojo za vikongwe. Bwana Desturi alisema kazi ya mwenzake ni kuhesabu vikopo. Barua iliyowaleta, na Hatibu aliiona kwa macho yake, ilisema washirikiane.

Kila mmoja alihitaji mtu wa Kiroboni anayejua Kiingereza, na mtu huyo alikuwa mmoja tu. Ndivyo Hatibu alivyopata vyeo viwili. Kwa Bwana Mvua akawa msomaji wa kipimo cha mvua, kwa Bwana Desturi akawa mkalimani. Kila mmoja alimpa sharti moja. Bwana Mvua alimwambia aandike kilichomo ndani ya chupa na si zaidi, mawazo yake hayahitajiki. Bwana Desturi alimwambia afasiri yanayosemwa na asiongeze neno, kwani neno lake litaharibu ushahidi. Hatibu aliona fahari. Mtu wa kawaida hukatazwa jambo na mkubwa mmoja. Yeye alikatazwa na wawili.

Kipimo chenyewe kilikuwa kopo la shaba linalong'aa, lenye faneli juu na chupa ndani. Bwana Mvua alitaka mahali pa wazi, mbali na miti, pasipoingia mbuzi wala watoto. Akazunguka Kiroboni nzima na kamba yake ya kupimia, na kila mahali palikuwa na mbuzi na watoto. Mwisho akakuta uwanja mdogo safi nyuma ya kijiji, penye kipande cha ukuta wa kale na kaburi lisilojulikana ni la nani, pamefagiwa, hapana hata kinyesi cha kuku. Akafurahi, akasema hapa hapa.

Hatibu alikohoa. Akaanza kueleza kwamba mahali pale hapaingiwi ovyo kwa sababu ni mzimu, mahali pa matambiko, na kwamba mlinzi wa mzimu ni mama mmoja ambaye, kwa bahati, ni mama wa mkewe. Bwana Mvua alikuwa amepiga magoti akipima umbali wa ukuta. Bila kuinua kichwa akamkumbusha Hatibu lile sharti. Hatibu akashika mwisho wa kamba, na kopo likasimikwa.

Sasa, mkwewe huyo, Bi Mwanamkasi, alikuwa na haja yake. Kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri alikwenda pale na wanawake wenzake, wakafukiza ubani, wakamwaga maji matamu yaliyotiwa marashi katika bakuli la udongo, na wakaomba. Mwalimu wa madrasa alilipinga jambo hilo kila Ijumaa, na mkewe alilihudhuria kila Alhamisi. Sasa bakuli lile la udongo lilikuwa limepasuka, na Bi Mwanamkasi alikuwa ameomba mbele ya kaburi, kwa sauti, wenzake wakisikia, wapatiwe chombo kingine, na ikiwezekana kiwe cha shaba. Hii ilikuwa Alhamisi. Jumatatu iliyofuata Bwana Mvua alisimika kopo lake. Alhamisi ya pili wanawake walifika wakalikuta limesimama pale, linang'aa, mdomo wazi.

Mwenye busara gani angefikiri vinginevyo? Walipiga vigelegele, wakasafisha ukingo wa kopo kwa kanga mpya, na Bi Mwanamkasi akamimina humo bilauri nzima ya maji matamu na marashi. Wakaomba mvua na kisima.

Ijumaa asubuhi Hatibu alifungua kopo lake. Ilikuwa Januari, kaskazi kavu, wiki tatu hapakudondoka hata tone. Chupa ilikuwa na maji. Akayanusa: waridi. Akayajua maji yale, na akaujua mkono ulioyatia. Akasimama pale muda mrefu, penseli mkononi.

Angefanya nini? Kumwendea mamkwe wake na kumwambia, mama, usimwage maji kwenye chombo changu? Kiroboni mtu hamsemeshi mkwewe hivyo. Akikutana naye njiani humpisha, huinamisha macho, husema shikamoo na kujibiwa marahaba, na mazungumzo yameisha salama. Hatibu alikuwa amemwoa Semeni miaka saba na hakuwa amewahi kumkosoa Bi Mwanamkasi hata juu ya chumvi ya mchuzi. Na upande wa pili lilikuwapo sharti: andika kilichomo ndani ya chupa. Kilichomo ndani ya chupa kilikuwa maji. Akayamimina katika bilauri ya kupimia, akasoma, akaandika kwa mwandiko mzuri: sita katika kumi ya inchi. Kisha akayamwaga chini, kama alivyofundishwa.

Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Na hapa lazima niseme jambo ambalo Hatibu mwenyewe hakupata kulikiri: alianza kulipenda. Wasomaji wa vipimo wa vijiji vingine waliokutana mjini kupeleka karatasi walilalamika kwamba makopo yao ni makavu, wanaandika sifuri mpaka penseli inachoka. Kopo la Hatibu halikuwa kavu wiki hata moja. Alipokuwa akipita Makorora na baiskeli yake, karatasi zimefungwa nyuma, alijiona mtu aliyejaliwa.

Bwana Mvua alizipokea karatasi hizo, na mwezi wa nne tu akawa mtu mwingine. Mvua nyepesi, kila Alhamisi, bila kukosa, kiangazi na masika! Alichora michoro. Alitafuta sababu katika upepo, katika maji kupwa na kujaa, katika mwezi. Sababu ya harufu ya waridi aliyoikuta ndani ya kopo aliipata pia: unga wa maua kutoka mashamba ya Usambara, unaobebwa na upepo wa juu. Hakumuuliza mtu yeyote wa Kiroboni kama Alhamisi kulinyesha. Nguo za Kiroboni zilianikwa kila Alhamisi na zikakauka. Lakini yeye alikuja Jumatatu, na nguo hazikuwa sehemu ya utafiti wake.

Bwana Desturi, kwa upande wake, alikuja Alhamisi. Alikatazwa kuingia uwanjani na viatu, na miguu yake haikuweza mawe, basi aliangalia kutoka mbali na kuona kitu cha shaba kikimeta na wanawake wakikimiminia maji. Akamtuma Hatibu amuulize mlinzi chombo kile kimetoka wapi. Hatibu akauliza, macho chini. Bi Mwanamkasi akajibu kwamba kilikuja chenyewe baada ya kuombwa. Hatibu akafasiri neno kwa neno, na neno la ziada likamfika mpaka kwenye meno, akalimeza. Bwana Desturi akaandika kurasa kumi na moja siku hiyo, na katika kurasa hizo chombo kilikuwa kimeletwa na Wareno.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwenda. Katika nyumba moja ya serikali, kwenye meza mbili zilizotenganishwa na ukuta wa mbao, ukweli wote wa Kiroboni ulikuwa umeandikwa, nusu huku na nusu kule. Mtu wa kuupitisha ukutani alikuwa mmoja, na huyo alikuwa ametoka kupewa barua ya sifa kwa usafi wa karatasi zake. Barua ilitiwa fremu ikatundikwa ukumbini. Semeni aliipangusa vumbi kila asubuhi kabla ya kwenda Mtoni Juu na ndoo yake.

Semeni alikuwa na mimba mwaka huo. Mimba ilipofika miezi minane alikuwa bado anakwenda, polepole, akipumzika njiani mara tatu ambapo zamani alipumzika mara moja. Jioni moja aliporudi alikaa chini na ndoo bado kichwani, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuitua. Hatibu alimtua yeye mwenyewe. Akamfariji kwamba serikali inapima, na ikimaliza kupima kisima kitakuja, na kwamba hakuna kijiji kilichopimwa vizuri kama Kiroboni. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na hapo akaanza kuelewa maana yake. Mashine ingekwenda kwenye kijiji chenye mvua chache.

Alipiga hesabu usiku huo huo akilini, asubuhi akaipiga tena kwenye karatasi. Mvua ya Mungu mwaka ule ilikuwa inchi ishirini na tano kwa shida. Mvua ya mamkwe wake ingepita thelathini.

Mtoni Juu nako kulikuwa na kopo. Msomaji wake alikuwa Zebedayo, mstaafu wa mkonge, mtu mtaratibu asiyependa usumbufu. Faneli ya kopo lake alikuwa ameiazima kwa ajili ya kumiminia mafuta ya taa, chupa ameitilia asali, na kopo lenyewe lilifunika vifaranga. Kila siku aliandika sifuri, na mimi naona hakusema uongo, kwani hakukuwa na chochote cha kusoma. Hata siku za masika, kijito kilipovunja kingo na kuingia jikoni mwake, Zebedayo alitoa maji nje kwa ndoo, akajikausha mikono, akaandika sifuri.

Januari 1956 Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aliita kikao bomani, Tanga. Kiroboni ikawakilishwa na Jumbe Idarusi, mzee mpole aliyekuja na kofia yake ya tarbushi mapajani, na Hatibu akiwa mkalimani wake. Bwana Mvua alisoma kwanza. Alisema Mtoni Juu ni jangwa ambalo bado halijatambuliwa. Alisema Kiroboni imejaliwa mvua ya Alhamisi isiyo na mfano duniani, na kwamba makala yake juu ya jambo hilo imekwisha kupelekwa Ulaya kupigwa chapa. Kisha Bwana Desturi akasoma juu ya wanawake wa Kiroboni wanaomwagia maji chombo cha shaba kila Alhamisi, na makala yake nayo ilikuwa njiani. Bwana Shauri alikuwa mtu aliyechoka, lakini hakuwa mjinga. Akauliza kama ripoti hizi mbili zinagusana mahali popote. Bwana Mvua akajibu kwamba mvua haina ukoo. Bwana Desturi akajibu kwamba imani haipimwi kwa inchi. Bwana Shauri akachukua kalamu na kutamka Mtoni Juu, akamwambia Hatibu amfasirie mzee wake.

Jumbe Idarusi alikuwa anamtazama kwa matumaini. Hatibu hakumfasiria. Akaitoa penseli sikioni, akaiweka mezani, akamgeukia Bwana Shauri kwa Kiingereza chake cha darasa la sita.

"Bwana, hiyo mvua ya Alhamisi ni mkwe wangu."

Akaeleza yote: uwanja, bakuli lililopasuka, marashi, sharti la kwanza na sharti la pili. Aliongea kwa haya, kwa sababu alikuwa anamtaja mamkwe wake mbele ya wanaume wageni.

Ndipo likatokea jambo ambalo mwaka mzima halikutokea. Bwana Mvua akanyoosha mkono akachukua ripoti ya Bwana Desturi, na Bwana Desturi akavuta majedwali ya Bwana Mvua. Wakasoma. Unaweza kuona mtu anapoelewa, hasa shingoni, na shingo zote mbili zilipanda wekundu kwa wakati mmoja. Tarehe zilikuwa zile zile, moja baada ya nyingine, Alhamisi hamsini na mbili. Kisha kila mmoja akaikumbuka makala yake iliyoko melini, wakatazamana, na kila mmoja akazifunga karatasi za mwenzake kwa upole mkubwa.

Bwana Mvua akasema karani huyu ameonyesha kwamba hawezi kuaminiwa. Bwana Desturi akasema hata yeye ameona mara nyingi jinsi anavyoongeza maneno. Wakakubaliana mwanzo hadi mwisho, bila kubishana hata kwa nukta, na mchana huo huo wakatunga barua moja, mikono miwili, sahihi mbili, ya kumfukuza kazi Hatibu Uweso. Mpaka leo sijasikia kazi nyingine waliyoifanya pamoja.

Bwana Shauri alikuwa ameelewa, na alionekana kuona haya. Lakini alisema takwimu haziwezi kubadilishwa kwa maneno. Kama Kiroboni inalalamika, mvua ipimwe upya mwaka mzima, safari hii na mtu mwaminifu. Wakatafuta jina katika orodha, na likapatikana la Zebedayo wa Mtoni Juu, ambaye karatasi zake hazikuwa na doa wala shaka.

Hatibu alirudi na baiskeli mchana wa jua kali, Jumbe Idarusi amekaa nyuma. Alasiri alifika nyumbani kwa mamkwe wake. Bi Mwanamkasi alikuwa barazani akisuka ukili wa mkeka. Semeni alikuwa ndani, amejifungua wiki sita, mtoto analia. Hatibu alichuchumaa mbali kidogo, akasema shikamoo, akajibiwa, na badala ya kuondoka akabaki. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane alimweleza mkwewe jambo refu. Alieleza kopo lilikuwa la nani, lilikuwa la nini, na kisima kimekwenda wapi.

Mama yule hakuacha kusuka. Alipomaliza kusikiliza alisuka kwanza mikunjo mitatu zaidi.

"Basi yale maji yetu," akasema, "kila Ijumaa ukishayapima, uliyatia wapi?"

"Niliyamwaga, mama."

"Chini?"

"Chini."

"Sikitiko langu si marashi. Yale yalikuwa maji ya Mtoni Juu, mwanangu. Alikuwa akiyapunguza Semeni kwenye ndoo yake, na tumbo lile. Nilimwambia safari hii usitoe, akasema atatoa, kwani mumewe kaahidi kisima."

Hatibu alitaka kusema juu ya masharti mawili, akaona jinsi maneno hayo yatakavyosikika barazani pale, akayaacha. Machozi yalimtoka, mtu mzima, mbele ya mkwewe, nayo ni aibu ambayo watu wa Kiroboni waliisimulia miaka mingi bila huruma.

Bi Mwanamkasi hakumlaani wala hakumfukuza. Aliweka ukili chini, akaingia ndani, akatoka na kata iliyojaa maji, akampa kwa mikono miwili, kama mkwe anavyokaribishwa. Hatibu alijua kwa harufu kwamba ni maji ya kisima cha pale pale, kile cha chumvi. Kata ya mamkwe hairudishwi ikiwa na maji. Akainywa yote mpaka chini, na mama akasimama mbele yake akimngoja amalize.